Kura Yangu Inalala Ohio

Ijumaa, 11 Oktoba 2024. Kijijini, Handeni

Gari la matangazo limeanza kuzunguka tangu saa moja asubuhi. Uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa umefunguliwa leo na utafungwa tarehe 20, uchaguzi wenyewe ni 27 Novemba. Redio imesema Rais Samia amejiandikisha Chamwino. Hapa kwetu mtoto wa kaka yangu, aliyetimiza miaka 18 mwezi Julai, alikuwa wa tatu kwenye foleni pale kitongojini. Amerudi anatabasamu peke yake. Jina, umri, jinsia, sahihi, basi.

Mama amekataa kwenda. Ana miaka 84 na anatembelea mkongojo. Amesema atakwenda siku nitakayompeleka mimi. Nikamweleza kwamba kesho nasafiri Dar kupeleka kura yangu.

"Kura ya wapi?"

"Ya Marekani, mama."

Akaendelea kuchambua choroko zake. Baadaye akasema, "Haya. Nitakungoja."

Nimezaliwa kwenye kiwanja hiki hiki. Kitovu changu kimezikwa nyuma ya jiko, mgomba uliopandwa juu yake umeshazaa wajukuu. Lakini kwa sheria mimi ni Mmarekani ninayeishi ugenini. Niliondoka mwaka 2000 kwa bahati nasibu ya green card, nikaishi Columbus, Ohio, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee. Mwaka 2007 nikaapa uraia wa kule. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku niliyonyoosha mkono wa kulia kule ndiyo siku niliyotoka huku. Nimerudi 2022, nimestaafu, na ninakaa nyumbani kwa mama yangu kwa kibali cha ukaazi chenye tarehe ya kwisha.

Ardhi siwezi kumiliki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamzuia asiye raia, isipokuwa kwa uwekezaji. Shamba nililonunua kwa jasho la zamu za usiku limeandikwa jina la kaka. Kaka ni mtu mwema na sina shaka naye. Lakini kila ninapopita pale na kuona mihogo yangu, nakumbuka kwamba mbele ya mwenyekiti wa kijiji mimi ni mgeni anayesaidia kupalilia.

Kura niliyo nayo ni ya Ohio tu. Sheria ya Marekani inampa raia anayeishi nje haki ya kupiga kura kupitia mahali alipoishi mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Karatasi ikaja kwa barua pepe mwezi uliopita, lakini kuirudisha kwa barua pepe Ohio hawakubali. Lazima karatasi yenyewe ifike. Nikapanga kuipeleka mapema ubalozi wa Marekani, Dar, ukatokea msiba kwa mjomba, halafu malaria ya mama. Juzi ndipo nimeiprinti steshenari ya mjini Handeni. Kijana wa pale aliitazama inavyotoka ukurasa baada ya ukurasa, akauliza kama ni mkataba wa nyumba.

Jumamosi, 12 Oktoba. Safarini

Usiku wa kuamkia leo nilikaa na mtoto wa kaka, taa ya sola katikati yetu, nikajaza. Alitaka nimtafsirie kila kitu. Rais, sawa, anawajua: Harris na Trump. Seneti: Sherrod Brown na Bernie Moreno. Nikamwambia Moreno alizaliwa Bogotá, Kolombia, akashangaa. Kisha tukaingia kwenye nafasi za kaunti, na hapo alishindwa kuamini. Sherifu anachaguliwa. Mweka hazina anachaguliwa. Mhandisi wa barabara za kaunti anachaguliwa. Daktari anayechunguza vifo vyenye utata, naye anachaguliwa.

"Shangazi, mhandisi anapigiwa kampeni?"

Anapigiwa. Hata majaji. Hilo la majaji sikulizoea kwa miaka yote niliyokaa kule, na silipendi mpaka leo. Hakimu anayeomba kura na michango ana watu wa kuwakumbuka. Lakini mhandisi wa kuchaguliwa nampenda. Barabara yetu ya kutokea kijijini imekatika tangu masika, na hakuna mtu hapa anayejua ni nani hasa wa kuulizwa.

Mwishoni kulikuwa na swali la kura ya maoni: je, mipaka ya majimbo ya uchaguzi ichorwe na wanasiasa kama sasa, au na tume ya wananchi 15? Nilikaa na swali hilo muda mrefu kuliko la urais. Kule chama kinachotawala bunge la jimbo kinaweza kuchora ramani ya wapiga kura wake, kikawagawa watani wake vipande vipande. Mtoto wa kaka alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. "Kama kugawa kitongoji ili mjumbe fulani asipite," akasema. Ndiyo, mwanangu. Kama hivyo.

Nikaweka sahihi kwenye kiapo, nikafunga bahasha mbili, moja ndani ya nyingine, nikaziweka ndani ya Kurani ndogo ya marehemu baba ili zisikunjike.

Basi la saa nne. Handeni hadi Mkata ni vumbi jekundu pembeni na lami katikati. Mkata ndipo unaposhika barabara kuu, na hapo wauza machungwa wanalizunguka basi kwa ndoo zao. Nilinunua ya elfu mbili, nikala yote kabla ya Wami. Daraja jipya la Wami ni pana na limenyooka. La zamani lilikuwa jembamba, gari moja kwa wakati, na kila dereva alipolikaribia abiria walikuwa wanaacha kuongea.

Msata tukakata kushoto kuelekea Bagamoyo. Jioni, tulipoingia Tegeta, mzee aliyekaa mbele yangu alimwambia jirani yake kwa sauti ndogo, "Ni maeneo haya." Hakutaja jina. Basi zima lilijua. Tarehe 6 Septemba watu wenye silaha walisimamisha basi maeneo haya, likiwa linakwenda Tanga, wakamshusha Mzee Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, chama cha upinzani. Kesho yake mwili wake ukaonekana Ununio. Rais alilaani na kuagiza uchunguzi. Sisi ndani ya basi tulitazama nje, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na wauza mahindi ya kuchoma, mahali pa kawaida kabisa. Abiria wale walikuwa kama sisi, na machungwa yao mapajani. Nimejiuliza njia nzima mpaka Mwenge: ningekuwa kiti cha pili ningefanya nini? Sina jibu la kujivunia.

Jumapili, 13 Oktoba. Sinza

Nimefikia kwa rafiki niliyesoma naye shule ya msingi. Leo nimepumzika, nimefua, nimesukwa nywele.

Pale saluni walikuwa wanne, na nilipouliza nani amejiandikisha, wawili walisema wana kadi ya mpiga kura tayari. Nikasikitika kidogo. Kadi ile ni ya daftari la kudumu, la uchaguzi mkuu. Hii ya mitaa ni orodha nyingine, inasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Rais ya serikali za mitaa, na usipoandika jina lako ndani ya siku hizi kumi, kadi yako haitakusaidia tarehe 27. Niliwaeleza. Msusi akasema, "Mama unajua mambo, wewe utachagua mtaa gani?" Nikasema mimi ni mpita njia.

Mmoja alisema hata akijiandikisha itasaidia nini, kwa yaliyotokea 2019. Mwaka ule wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikasusa, CCM ikachukua karibu kila kitu. Simlaumu. Lakini nilimwambia jambo ambalo naliamini: mwenyekiti wa mtaa ndiye anayeandika barua ya kukutambulisha polisi, benki, mahakamani. Yeye ndiye anayeshuhudia unapouza kiwanja. Mtu anayejua mlango wako usiku si mtu wa kuachiwa bahati. Msusi alikubali, yule mwingine hakukubali, tukaendelea na nywele.

Jioni nilipigiwa simu na rafiki yangu wa Ohio, muuguzi, Mhaiti. Anafanya kazi Springfield, mwendo wa kama saa moja kutoka Columbus kwa gari. Mji ule una wakazi wapatao 58,000, na Wahaiti kwa maelfu walihamia huko miaka ya karibuni kwa sababu viwanda na maghala yalitaka watu. Tarehe 10 Septemba, kwenye mdahalo wa urais, Trump alisema wahamiaji wa Springfield wanakula mbwa na paka za watu. Ulikuwa uwongo. Gavana Mike DeWine, wa chama kile kile cha Republican na mzaliwa wa Springfield, alisema hakuna ushahidi wowote. Lakini vitisho vya mabomu vilikuja kwa makumi, shule zikatolewa watoto. Rafiki yangu aliniambia bado anamfunga mwanawe kofia ya jaketi usoni wanapokwenda dukani.

Nilimsikiliza huku upande wa pili wa ukuta muadhini anaanza kuadhini Magharibi. Yeye akasikia. "Uko nyumbani," akasema. Kimya kikapita. Nilitaka kumwambia niko nyumbani kwa kibali, nikaona si wakati wake.

Jumatatu, 14 Oktoba. Dar es Salaam

Leo pamefungwa. Ni Siku ya Nyerere, miaka 25 kamili tangu Mwalimu afariki. Na mwaka huu imeangukia Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo Marekani ni sikukuu ya baharia Columbus, na miji mingi siku hizi huiita Siku ya Wenyeji wa Asili. Ubalozi hufuata sikukuu za nchi zote mbili, kwa hiyo leo umefungwa mara mbili.

Nimeikalia sadfa hii tangu asubuhi. Mji wangu wa kule umebeba jina la Columbus. Mbele ya jengo la halmashauri yake palikuwa na sanamu yake, zawadi ya mji wa Genoa, Italia, ya mwaka 1955. Nilikuwa napita pale kwa basi kila nikitoka zamu. Mwaka 2020, yale maandamano ya baada ya kuuawa George Floyd yalipokuwa yamepamba moto, meya akaamuru iondolewe. Tarehe 1 Julai winchi ikaja, ikaiinua. Wengine walilia, Wamarekani wenye asili ya Italia hasa, na niliwaelewa: kwao haikuwa ya baharia, ilikuwa ya babu zao waliotukanwa walipofika. Lakini jina la mji likabaki. Majina hubaki.

Na huku redio za jirani zote zinapiga hotuba za Mwalimu, sauti ile inayopanda na kucheka katikati ya sentensi. Televisheni inaonyesha kilele cha mbio za Mwenge, Mwanza. Rafiki yangu anapika pilau, mumewe anasema Mwalimu angekubali uraia pacha, yeye anasema asingekubali kamwe. Tumebishana mpaka pilau likaiva. Hoja ya mume wake ni kwamba Watanzania wa nje wanaleta fedha na ujuzi. Hoja ya mke ni nzito zaidi na nimeiheshimu: anasema mwenye pasi mbili siku ya moto ana mlango wa nyuma, na mwenye mlango wa nyuma hazimi moto kwa moyo ule ule. Nikamwambia, "Mimi sina mlango wa nyuma, dada. Mama yangu yuko Handeni." Hakunijibu, akaniwekea nyama ya mfupa.

Serikali imekuwa ikituahidi kitu kinachoitwa hadhi maalumu: kuingia bila viza, kumiliki ardhi kwa masharti, lakini si kura. Nitaipokea ikija. Mihogo yangu itapata jina langu. Ila ninachokosa si mihogo.

Alasiri nilikwenda Makumbusho ya Taifa. Kuna mnara wa kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa mwaka 1998. Siku ile, Ijumaa 7 Agosti, nilikuwa naishi Kinondoni. Nilikuwa naanika nguo. Mlio ulikuja kwanza kifuani, masikioni baadaye, na vioo vya jirani vikamwagika. Watu 11 walikufa hapa Dar, na zaidi ya 200 Nairobi muda ule ule. Kwa hapa Dar hakuna Mmarekani aliyekufa. Walinzi, wapita njia, watu wa lori la maji. Miaka miwili baadaye nikapanda ndege kwenda nchi ambayo wale walikufa getini kwake. Sijawahi kulisema hili kwa mtu yeyote wa kule aliyeniuliza kwa nini nilihamia.

Jumanne, 15 Oktoba. Msasani

Mwendesha bajaji hakuuliza ubalozi upo wapi. "Drive-In," akasema, na ndivyo wazee wote wa mji wanavyopaita, kwa ajili ya sinema ya magari iliyokuwepo pale kabla ukuta haujajengwa. Nami niliwahi kuangalia filamu ya Kihindi pale, kwenye tela la Bedford la mjomba, tukiwa watoto tisa chini ya shuka moja.

Getini kijana wa ulinzi alinipokea vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nimeleta kura." Akaomba kitambulisho. Nikatoa pasi ya bluu. Akaitazama, akanitazama, na sauti yake ikabadilika. Ghafla tukawa kwenye Kiingereza, na lile neno mama likaondoka, nikawa bibi fulani wa kuheshimiwa kwa umbali. Hakukosea chochote, alikuwa na adabu mwanzo hadi mwisho. Nilijibu kwa Kiswahili, akarudi Kiswahili, lakini "mama" halikurudi.

Ndani ilichukua dakika kumi. Bahasha yenye alama ya posta iliyolipiwa inaingia kwenye mfuko wa kibalozi, inakwenda Marekani, kutoka hapo posta ya kawaida mpaka ofisi ya uchaguzi ya Kaunti ya Franklin. Zimebaki wiki tatu kufika 5 Novemba. Wenyewe hushauri kuleta mapema kuliko hapo, na najua. Nilishika ile bahasha sekunde moja zaidi kabla ya kuidumbukiza.

Mara ya kwanza kupiga kura kule ilikuwa 2008. Nilipanga foleni kwenye ukumbi wa kanisa la mtaani, baridi ikiuma. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja Msomali wa Kibantu, tunayefahamiana. Nilimjua kazini, mume wake alikuwa miongoni mwa wazee niliowahudumia. Siku ya kwanza nilipomsikia akimnong'oneza mumewe nilidondosha trei. Alikuwa anaongea Kizigua, lugha yetu ya Handeni. Babu zao walichukuliwa kutoka pwani hii hii ya kwetu karne ya 19, wakapelekwa Somalia utumwani, wakatoroka, wakalima kando ya Mto Juba, na lugha hawakuiacha. Vita vya Somalia vikawatoa tena. Baadhi yao Tanzania iliwapokea, ikawapa makazi Chogo, Handeni, na wengi wakapewa uraia. Wengine walikwenda Marekani, ndio hao. Ndugu wawili wa ukoo mmoja: aliyekuja Chogo ni Mtanzania. Mimi, niliyezaliwa jirani na Chogo, siyo. Siandiki hivi kwa wivu. Nchi yangu ilifanya jambo zuri sana kwa watu wale, na nikimfikiria yule bibi, foleni ile, namna alivyoikunja karatasi yake kama hirizi, bado machozi yananijia.

Jumatano, 16 Oktoba. Njiani

Basi la alfajiri. Nimelala mpaka Msata. Mkata nimenunua machungwa ya mama.

Alhamisi, 17 Oktoba. Kijijini

Mama ameamka kabla ya adhana. Amevaa lile gauni la maua na kanga mpya ya juu, amejipaka mafuta mpaka miguuni. Nikamwambia foleni haipo, tunaweza kusubiri jua lipungue. Akasema kitu hiki kinafanywa asubuhi.

Ni mwendo wa kama robo saa kwa mtu mzima, sisi tulitumia karibu saa nzima. Alisimama kwenye kila mwembe. Kila aliyepita alimsalimia na kumuuliza anakwenda wapi, naye alijibu kila mmoja kwa kirefu. Alipokuwa binti, kabla ya uhuru, kura hakupiga, alimtazama baba yake akienda. Tangu alipoanza mwenyewe hajakosa uchaguzi hata mmoja, wa rais wala wa kijiji. Sikujua. Miaka 22 kule na miwili hapa, sijawahi kumuuliza.

Kituo ni meza moja chini ya kibanda cha makuti, binti mwandikishaji na daftari lake. Mama akataja jina lake lote mpaka la babu. Umri akausema kwa fahari. Kwenye sahihi, binti akamsogezea wino wa kidole, mama akausukuma pembeni, akaomba kalamu. Alijifunza kuandika kwenye masomo ya watu wazima ya enzi za Mwalimu. Aliandika polepole, herufi moja moja, akainua uso kila baada ya herufi kama anayevuka mto kwa mawe.

Binti akageuza ukurasa, akanitazama.

"Na wewe mama? Jina?"

"Mimi nimemsindikiza," nikasema.

Mama akanikabidhi mkongojo ili afunge kanga vizuri, tukaanza kurudi.